Mshale wa Tajiri na Mshale wa Umma

Uhakiki wa sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa mchezo wa televisheni "Arrow"

Sanaa haielei hewani. Hutungwa na watu wanaoishi katika jamii fulani, hugharimiwa na wenye mali wa jamii hiyo, na hubeba, kwa makusudi au bila kukusudia, fikra za tabaka linaloshika uchumi wake. Jambo hili tunalifundisha kila mwaka katika madarasa ya itikadi, na wanachuo hulieleza vizuri kwenye mitihani. Lakini jioni ikifika, mwanachuo yule yule aliyepata alama za juu huketi mbele ya mchezo wa televisheni kutoka Marekani, ambao vijana huuita "sizoni", akautazama mpaka usiku wa manane bila kuuliza hata swali moja kati ya yale aliyojifunza asubuhi. Nadharia anaiacha darasani, na kasumba anaikaribisha bwenini.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya kauli ya mwanachuo mmoja, kijana hodari na mwanachama mwaminifu. Tulikuwa tukijadili rushwa. Yeye akasema kwamba dawa ya mafisadi si vikao wala kanuni. Dawa ni apatikane mtu mmoja asiyeogopa, aingie usiku, awashughulikie mmoja mmoja. Wenzake wakampigia makofi. Nilipomwuliza fikra hiyo ameipata wapi, hakuficha: alinitajia mchezo uitwao "Arrow". Sikutaka kumjibu kwa hasira, na sikutaka kuulaani mchezo nisioujua. Nikautafuta, nikautazama. Haya ninayoyaandika ni jibu langu kwake na kwa wale waliompigia makofi.

Yaliyomo katika mchezo

"Arrow" ulianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 10 Oktoba 1982? La, vijana watacheka wakidhani naurudisha nyuma kwenye ujana wa baba zao. Ulianza tarehe 10 Oktoba 2012, ukaendelea kwa misimu minane hadi Januari 2020. Mhusika wake mkuu, Oliver Queen, ni mtoto wa tajiri mwenye kampuni kubwa katika mji wa kubuniwa uitwao Starling City. Merikebu yao ya starehe inazama, baba anakufa, na kijana anaishi miaka mitano katika mateso, sehemu kubwa yake katika kisiwa kiitwacho Lian Yu. Anarudi nyumbani akiwa fundi wa upinde na mshale. Mchana ni tajiri wa kuhudhuria karamu. Usiku anavaa joho la kijani lenye kofia, anawawinda watu ambao majina yao yamo katika daftari aliloachiwa na baba yake.

Sehemu ninayoihakiki ni ile iliyofungua msimu wa pili, iliyoonyeshwa tarehe 9 Oktoba 2013. Inaitwa "City of Heroes", yaani Mji wa Mashujaa. Mwisho wa msimu wa kwanza, tajiri mwingine, Malcolm Merlyn, alitumia mtambo wa kutikisa ardhi ili auangamize mtaa wa maskini uitwao Glades. Watu 503 walikufa, mmoja wao akiwa Tommy, mtoto wa Merlyn mwenyewe na rafiki wa Oliver. Moira, mama yake Oliver, alishiriki katika njama hiyo; alikiri mbele ya televisheni katika saa za mwisho, naye yumo gerezani akingoja kesi.

Msimu wa pili unapoanza, miezi mitano imepita. Oliver amekimbilia kisiwani kwa majuto. Wasaidizi wake wawili, Diggle, aliyekuwa askari, na Felicity, mtaalamu wa kompyuta, wanamfuata huko kumrudisha. Kampuni ya familia inataka kumezwa na kampuni nyingine, ambayo mjumbe wake ni mwanamke aitwaye Isabel Rochev. Wakati huo huo mjini limezuka kundi la wanaume wanaovaa kofia kama yake. Ni watu wa Glades waliofiwa na ndugu zao. Wamemuua Meya, wanavamia mkutano wa wakubwa wa kampuni, kisha wanamteka Thea, dada yake Oliver. Oliver anawashinda bila kuwaua, kwa kuwa ameapa kumuenzi rafiki yake kwa kutoua tena. Kampuni inaokolewa, dada anaokolewa, na shujaa anaamua kutafuta jina jipya, maana lile la zamani limechafuliwa na watu wale.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni

Kabla ya kuukosoa mchezo huu ni lazima tuutendee haki. Mhakiki mvivu husema tu kwamba hii ni sanaa ya kibepari, akafunga daftari. Huo si uhakiki. Ni kukwepa kazi. Sehemu hii ina mambo mawili ambayo mtazamaji mwenye akili atayaheshimu.

La kwanza, imethubutu kumkabili shujaa wake na matokeo ya matendo yake. Michezo mingi ya aina hii humpa shujaa ruhusa ya kuua watu makumi kwa makumi, na asubuhi anakunywa kahawa. Hapa Oliver ana mzigo. Matukio ya nyuma ya kisiwani yanatuonyesha jinsi mkono wake ulivyozoea damu, na mtazamaji anaona kwamba mazoea hayo ni ugonjwa, si sifa. Uamuzi wake wa kuacha kuua umechezwa kwa uzito na mwigizaji Stephen Amell, ambaye hasemi sana.

La pili, na hili ni kubwa zaidi, mchezo umeuliza swali la kweli. Wale wenye kofia ni wanafunzi wa Oliver. Hawakutoka mbinguni. Kwa mwaka mzima walimwona mtu mmoja akiamua peke yake nani ana hatia na nani afe, na mji ukamwita mlinzi. Walipofiwa, nao wakafanya vile vile. Swali lililo mbele ya Oliver ni hili: wewe ulipewa kibali na nani, hata hawa wanyimwe? Hakuna swali zito kuliko hilo katika suala zima la kujichukulia sheria mkononi. Ubovu wa mchezo ni kwamba umeliuliza swali hilo kisha ukalikimbia, na umelikimbia kwa njia tatu.

Dhambi ya tabaka yageuzwa dhambi ya mtu

Njia ya kwanza ni kuufanya umaskini wa Glades uwe matokeo ya mtambo mmoja na mwendawazimu mmoja. Tunaambiwa Merlyn aliuchukia mtaa ule kwa sababu mkewe aliuawa huko. Basi chanzo ni msiba wa mume, si uchumi. Merlyn akiondoka na mtambo ukivunjika, hakuna tena cha kueleza.

Lakini tazama mji halisi wa nchi hiyo hiyo katika mwaka huo huo. Tarehe 18 Julai 2013, chini ya miezi mitatu kabla ya sehemu hii kuonyeshwa, mji wa Detroit uliomba kutangazwa kuwa umefilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Haukuwahi kutokea ufilisi wa mji mkubwa kama huo katika historia ya Marekani. Mwaka 1950 Detroit ulikuwa na watu wapatao milioni 1.8, kufikia mwaka 2013 walibaki kama 700,000. Nyumba zilibomoka, taa za barabarani zilizimika, mitaa mizima ilirudi kuwa majani. Hakuna mtambo wa kutetemesha ardhi uliotumika. Viwanda vya magari vilihamisha kazi kwenda kwenye ujira mdogo, Wazungu wenye uwezo wakahamia vitongojini pamoja na kodi zao, na ubaguzi wa rangi ukawafungia Waafrika wa Marekani katikati ya mji unaokufa. Kazi hiyo ilifanywa mchana, kwa mikataba iliyotiwa sahihi na watu waliovaa suti, wala hapakuwa na mwendawazimu hata mmoja miongoni mwao.

Mchezo unaotutaka tumchukie Merlyn unatufundisha kutouona utaratibu. Ndiyo maana msimu wa kwanza ulikuwa na daftari la majina. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya mwaka 2012, Oliver alimlazimisha tajiri mmoja, Adam Hunt, atoe dola milioni 40 alizowadhulumu watu, nazo zikagawiwa kwa waliodhulumiwa. Mtazamaji akashangilia, na mimi ningeshangilia. Lakini kesho yake Hunt angeweza kuanza upya, kwa sababu benki yake, sheria zake na soko lake havikuguswa. Orodha ya waovu haiwezi kuwa nadharia ya uovu.

Kofia mbili

Njia ya pili ni ya hila zaidi. Weka mezani mambo mawili. Mtu wa kwanza ni tajiri aliyevaa kofia akaua watu wengi katika msimu wa kwanza. Watu wa pili ni mafukara waliovaa kofia, wakamuua Meya na kuvamia mkutano wa wenye hisa. Kwa sheria ya nchi wote ni wauaji. Kwa mchezo, wa kwanza ni shujaa mwenye majuto, na wa pili ni majambazi wa kukabidhiwa polisi.

Tofauti yao ni nini? Si kuua, maana wote wameua. Si msiba, maana wote wamefiwa. Na wale wa Glades wamefiwa kwa njama iliyoshirikisha nyumba ya Queen. Tofauti ni kwamba Oliver amepewa mama, dada, rafiki, kumbukumbu, machozi, na saa nyingi za kamera kumtazama usoni. Wale wengine wamepewa dakika chache na bunduki. Uchungu wao unatajwa kwa sentensi moja kisha wanapigwa. Hatuioni nyumba iliyobomoka. Hatuketi matangani. Hatujui katika miezi ile mitano walikwenda wapi kudai haki, wakajibiwa nini na nani. Mtunzi ndiye anayeamua nani awe mtu na nani awe kundi, na hapo ndipo siasa ya mchezo ilipo.

Mwendo huo haukuishia katika sehemu moja. Msimu uleule ulimleta diwani wa kuwatetea watu wa Glades, Sebastian Blood, aliyeongoza maandamano dhidi ya matajiri. Kwa muda mfupi maskini wakapata msemaji. Kisha mtunzi akamvua, tukaonyeshwa kwamba nyuma ya msemaji yule yumo muuaji mwenye kinyago. Funzo ni kwamba anayewaunganisha maskini lazima awe na jambo analolificha. Ndugu msomaji akumbuke pia kwamba mchezo huu ulizaliwa mwaka mmoja tu baada ya Septemba 2011, wakati vijana wa Marekani walipopiga kambi karibu na soko la hisa la New York wakipinga utajiri wa wachache. Hasira ile ilikuwa bado hewani. Mchezo uliichota, ukaivika kofia, ukaipeleka gerezani.

Vita vya hisa

Njia ya tatu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Sehemu hii ina vita viwili vinavyokwenda sambamba. Kimoja ni cha usiku, cha kumwokoa Thea. Kingine ni cha mchana, cha kuiokoa kampuni. Isabel Rochev ameshika nusu ya hisa, na kipande kidogo kilichobaki ndicho kitakachoamua. Oliver hana fedha. Ndipo anapojitokeza Walter Steele, aliyekuwa mume wa mama yake, ambaye sasa yupo benki, akampatia fedha za kununua kipande hicho. Familia inabaki na nusu, Isabel na nusu, na mtazamaji anatakiwa ashushe pumzi kana kwamba mtoto ameokolewa kwenye mto wenye mamba.

Tuulize: ushindi huu ni wa nani? Kampuni ile ni ya familia ambayo mkuu wake alishiriki kuwaua watu 503. Mahali popote penye haki, swali la kwanza lingekuwa mali hiyo itawalipaje waliofiwa. Swali hilo haliulizwi hata na adui. Wafanyakazi wa kampuni hawana sauti, tunaambiwa tu kwamba kazi zao zitapotea ikiwa bepari mbaya atamshinda bepari mzuri. Wavujajasho wamepewa uhuru wa kuchagua mnyonyaji wao. Hata huo hawakuupata, maana kura ni hisa, na wao hawana hisa.

Wasaidizi nao watazamwe. Diggle ndiye anayejua vita, na Felicity ndiye anayejua mitambo. Bila wao Oliver angebaki kisiwani. Lakini katika sehemu inayofuata mmoja anakuwa dereva wake na mwingine karani wake, ili kuficha siri ya tajiri. Wote wawili wananung'unika, na mtunzi anawaruhusu wanung'unike kwa utani. Basi kazi ni ya wengi, na jina kwenye bango ni la mmoja.

Jambo hili halikuwa la lazima. Mhusika huyu alibuniwa na Mort Weisinger na George Papp katika vitabu vya katuni mwaka 1941, akiwa tajiri. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 watunzi wengine walimpokonya utajiri wake, na kuanzia mwaka 1970, chini ya mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams, akawa mtu anayesema waziwazi juu ya ubaguzi na umaskini katika nchi yake. Kwa hiyo hata ndani ya sanaa ya kibepari palikuwa na mlango. Ni kweli kwamba baadaye katika msimu huo wa pili Oliver anaipoteza kampuni. Lakini anaipoteza kwa hila za Isabel, kama msiba wa kuomboleza. Mwaka 1970 kupoteza mali kulimfungua macho. Katika televisheni ya mwaka 2013 kupoteza mali ni pigo kutoka kwa adui.

Historia iliyofichwa

Mtu anaweza kusema kwamba ninaupa mchezo wa kujifurahisha mzigo usio wake. Basi na tuitazame historia ya jambo lenyewe huko huko Marekani, maana kujichukulia sheria mkononi si ndoto ya watunzi. Ni desturi ya zamani ya nchi hiyo, na ina tabaka.

Mwaka 1851, na tena mwaka 1856, ziliundwa katika mji wa San Francisco kamati za walinzi wa kujiteua. Mwaka 1856 kiongozi wake alikuwa mfanyabiashara, William Coleman. Kila mara watu wanne walinyongwa, na kamati ya mwaka 1856 ikautumia ushindi huo kuwanyang'anya wapinzani wao utawala wa mji. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1865, lilianzishwa Tennessee kundi la Ku Klux Klan. Hao nao walivaa kofia za kuficha uso na kutembea usiku. Walidai kulinda, na waliyemlinda ni mwenye shamba dhidi ya mtumwa aliyekombolewa. Uchunguzi uliofanywa miaka ya karibuni umethibitisha kwamba kati ya mwaka 1877 na 1950 zaidi ya Waafrika 4,000 waliuawa na makundi ya watu katika majimbo ya Kusini, mara nyingi hadharani, bila hukumu.

Sasa tazama walipojilinda wanyonge. Mwaka 1966 vijana wa Oakland, California, waliunda chama cha Black Panther, wakaanza kuwafuata polisi mitaani wakiwa na bunduki walizoruhusiwa na sheria, ili kuzuia watu weusi wasipigwe. Tarehe 2 Mei 1967 walikwenda na silaha zao mpaka jengo la bunge la jimbo. Mwezi Julai mwaka huo huo gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kupiga marufuku kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Mwaka 1969 chama hicho kilianza kuwapa watoto chakula cha asubuhi bure. Tarehe 4 Desemba ya mwaka huo huo kiongozi wake wa Chicago, Fred Hampton, kijana wa miaka 21, aliuawa na polisi alfajiri akiwa chumbani mwake. Kwa hiyo dola haikuwa na ugomvi na bunduki. Iliuliza bunduki iko mkononi mwa nani, na inamlinda nani.

Na kuhusu kofia: tarehe 26 Februari 2012, miezi michache kabla ya "Arrow" kuanza, kijana Mwafrika wa Marekani wa miaka 17, Trayvon Martin, alipigwa risasi akafa huko Sanford, Florida. Alikuwa amevaa fulana yenye kofia, hana silaha. Aliyempiga ni raia aliyekuwa katika ulinzi wa kujitolea wa mtaa, na tarehe 13 Julai 2013 mahakama ilimwachia huru. Miezi mitatu baadaye ikaonyeshwa sehemu hii, ambamo tajiri Mzungu mwenye kofia analindwa na kamera. Sidai kwamba watunzi walikusudia hivyo. Nasema kwamba katika nchi ambamo kofia moja ni vazi la shujaa na kofia nyingine ni hukumu ya kifo, mchezo usiolijua hilo umekwisha chagua upande.

Mshale wa umma

Tumrudie sasa mwanachuo wetu. Yeye hakai Starling City. Anaishi katika nchi ambayo upinde na mshale si ngano.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Usukuma na Unyamwezi, wizi wa mifugo na ujambazi ulizidi, na silaha zilikuwa zimetapakaa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wananchi vijijini walijiunga, wakachagua viongozi wao, wakashika pinde na mishale. Ndizo sungusungu. Yowe likipigwa, kila nyumba hutoka. Aliyekataa kutoka hutozwa faini au hutengwa na wenzake. Wako watendaji wa polisi na mahakama waliozitilia shaka; uongozi wa Chama uliziona kuwa ni juhudi za wananchi kujilinda, kwa moyo ule ule wa Mwongozo wa mwaka 1971 uliotaka ulinzi wa taifa uwe kazi ya umma mzima. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, sungusungu zikapata nafasi katika sheria.

Mlinganisho ni wazi. Mshale wa Oliver hujificha uso. Mshale wa sungusungu ulishikwa na jirani anayejulikana jina, ukoo na boma. Ule wa kwanza hutoka kwenye chumba cha siri chini ya ukumbi wa dansi; huu wa pili ulitoka mkutanoni. Na la msingi zaidi, Oliver hawajibiki kwa mtu yeyote, ilhali mlinzi wa kijiji angeweza kuondolewa na kijiji.

Lakini hatutakuwa wanafunzi wa kweli wa nadharia tukijisifu tu. Sungusungu nazo zilikosea, na palipotokea makosa yalikuwa ya kutisha. Ziko sehemu ambako watuhumiwa waliteswa mpaka wakakiri wasiyoyatenda, na ambako wanawake wazee waliandamwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Na mijini hadi leo, mtu akipigiwa kelele za mwizi, umati hukusanyika na kumchoma moto kabla hajaulizwa jina. Wengi wa wanaouawa hivyo ni vijana maskini, na wengi wa wanaoua ni maskini wenzao. Mwizi wa mabilioni hajapigiwa kelele hizo hata siku moja.

Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hautoshi kuwa haki. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale ambapo wengi hao wamepewa nafasi ya kusema, kusikiliza na kupinga. Kinachotenganisha ulinzi wa umma na mauaji ya kundi ni uwajibikaji: mtuhumiwa asikilizwe, mlinzi ahojiwe, na hukumu itolewe na chombo ambacho wananchi wanaweza kukiuliza. Hapo ndipo kasoro ya kiapo cha Oliver ilipo. Ameapa kutoua, na ni vyema. Lakini ameapa peke yake, na siku atakapoona inafaa anaweza kukitengua peke yake. Amebadilisha mshale, hakubadilisha mamlaka ya mpiga mshale.

Wajibu wa kada

Kwa nini basi mwanachuo wetu alipigiwa makofi? Si kwa sababu wenzake ni wajinga. Ni kwa sababu wamechoka. Wameona kesi zinazokaa miaka, wameona taarifa za ukaguzi zikisomwa kila mwaka na mtuhumiwa akihamishiwa ofisi nyingine. Mahali ambapo vikao vinashindwa kutoa haki, watu huanza kuota mtu wa usiku. Tukiulaumu mchezo wa Marekani tukanyamazia hilo, tutakuwa tumefanya yale yale yaliyofanywa na mtunzi wake: kulaumu kofia na kuacha tetemeko.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kwetu sisi makada. Mtu aliyezoea kumshangilia mkombozi mmoja huanza kujiona mkombozi mwenyewe. Akipewa wilaya, huweka watu ndani kwa amri yake, huwafokea watumishi hadharani mbele ya kamera, na wananchi humpigia makofi kwa kuwa amewashughulikia. Huyo naye ni Oliver Queen, ila hana upinde. Mwongozo ulionya mapema juu ya kiongozi mwenye majivuno na ubabe. Onyo hilo halikumtenga kiongozi mkali anayetenda mema. Anayetenda mema bila kuulizwa leo, atatenda mabaya bila kuulizwa kesho.

Sipendekezi mchezo huu upigwe marufuku. Napendekeza utazamwe darasani, taa zikiwa zimewashwa, kisha ujadiliwe na kila kundi la kujisomea kwa maswali haya. Nani ameumba umaskini wa Glades? Kwa nini waliofiwa hawakupewa majina na machozi? Fidia ya watu 503 ilikwenda wapi? Na mwisho, swali gumu kuliko yote: katika tawi lako, mwananchi aliyedhulumiwa leo ana mlango gani wa kubisha, na akibisha, nani hufungua?

Mwanachuo wangu akiweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa vitendo katika tawi lake, nitampigia makofi mimi, na wala hatahitaji kungoja usiku uingie.